Kudizaini bango la sikukuu za Kikhmer bila kuaibika mbele ya mteja

Wiki iliyopita dogo mmoja wa mtaani kwetu kaja na laptop kwapani. Kapata kazi mtandaoni, hosteli moja ya Siem Reap kule Kambodia inataka bango la mwaka mpya wa Kikhmer (Wakhmer ndio watu wengi wa Kambodia), na kazi yenyewe inatakiwa keshokutwa. Nikacheka maana mimi hizo kazi nilishazifanya na zilinitoa jasho. Tukakesha mpaka saa nane usiku, kwa hiyo naandika tulivyofanya ili wa tatu akija nimtumie hii. Kudizaini kwenyewe sifundishi hapa, kama leya huzijui anza kwanza kwingine.

Hatua ya 1: ijue sikukuu yenyewe

Ziko nyingi lakini zinazoleta hela ya mabango ni tatu. Kuna Choul Chnam Thmey, mwaka mpya, katikati ya Aprili, kwa kawaida siku tatu, watu wanamwagiana maji na kupakana poda, hapo rangi kali ruksa. Kuna Pchum Ben, Septemba au Oktoba, siku 15 za kuwakumbuka marehemu, familia zinapeleka chakula pagoda (hekalu la Kibuddha) na alfajiri wanarusha matonge ya wali kwa ajili ya mizimu yenye njaa. Hapo usiniletee fataki na maputo, fikiria khitma, nani anaweka maputo kwenye tangazo la khitma? Nyeupe, wali, vijiti vya udi, ua la yungiyungi, basi. Na kuna Bon Om Touk, mara nyingi Novemba, mitumbwi mirefu inashindana kwenye mto Tonle Sap mbele ya kasri la mfalme Phnom Penh, msimu ambao mto unageuka (wakati wa mvua maji yake hurudi nyuma yakajaza ziwa, mvua zikikata yanaanza tena kushuka).

Hapo kwenye Bon Om Touk dogo alichora mwezi mwandamo. Namuelewa, sisi tumezoea mabango ya Idi mkono unaenda wenyewe. Sikukuu hii huangukia mwezi mpevu, chora duara kamili. Na ukitaka mteja akuone wa maana weka kivuli cha sungura ndani ya mwezi, maana usiku huo wanausalimia mwezi kwa kumkumbuka sungura wa hadithi za Buddha.

Hatua ya 2: malaika wa mwaka (usiruke hii)

Mwaka mpya una malaika wake, tevoda, na hawi yuleyule kila mwaka. Wako saba, mabinti wa Kabil Moha Prum, mungu aliyeshindwa kitendawili akapoteza kichwa, na kila mwaka binti mmoja anashuka kushika zamu kutegemea siku ya juma ambayo mwaka umeanza. Kila mmoja ana mnyama wake wa kupanda. 2024 ilianza Jumamosi, malaika akaja juu ya tausi. 2025 Jumatatu, akaja juu ya chui milia. Mimi nilichukua faili la 2024 nikabadilisha tarehe tu nikatuma, tausi wangu yuleyule kapendeza na manyoya yake, mteja akajibu kwa neno moja, "peacock?". Nilirudia kazi bure.

Usichanganye pia huyo mnyama wa malaika na mnyama wa mwaka kwenye ule mzunguko wa wanyama 12. 2024 ilikuwa joka, 2025 nyoka, hao ni wengine kabisa na wanaweza kukaa wote kwenye bango moja.

Halafu ule mwaka wa Kibuddha mnaopenda kuuandika kwa urembo haubadiliki Aprili, unabadilika kwenye Visak Bochea, sikukuu ya Buddha, kwa kawaida Mei. Bango la Aprili 2025 liliandikwa 2568, siyo 2569.

Hatua ya 3: picha

Ukitafuta picha za sikukuu ya maji ya Aprili, tovuti nyingi zitakumwagia za Thailand. USITUMIE. Mahekalu, mavazi, hata maandishi kwenye kuta, Mkhmer anavitambua kwa sekunde moja, na baada ya mapigano ya mpakani ya 2025 hilo siyo kosa dogo tena. Tafuta kwa jina la Kikhmer. Angkor Wat ni salama, skafu ya mirabaraba inayoitwa krama ni salama, na kwa fremu tumia nakshi zao za kbach badala ya yale maua ya templeti ambayo mimi binafsi nayachukia. Buddha usimkate kichwa, usimwekee maandishi usoni, na usimweke kwenye kitu kitakachotandikwa chini.

Hatua ya 4: maandishi

Hapa ndipo nilipoteza siku nzima, kwa hiyo vumilia.

Kikhmer kinaandikwa kwa herufi zinazobebana. Konsonanti ya pili inashuka chini ya ya kwanza, wanaiita mguu, na irabu nyingine zinaandikwa kushoto wakati kwenye kibodi umezibonyeza baadaye. Programu isiyojua hilo inapanga herufi moja moja kama treni, na wewe usiyesoma Kikhmer unaona "mbona imependeza tu". Mimi bango la mita tatu lilichapwa hivyohivyo.

Kipimo changu ni neno lao wenyewe: ខ្មែរ. Likikaa sawa, kitu cha kwanza kabisa kushoto ni ែ, halafu ខ ikiwa na kimguu chini yake. Ukiona ខ iko kushoto peke yake na chini yake kuna alama ndogo kama ya kujumlisha, halafu ម nzima imesimama pembeni, limevunjika. Andika neno hilo KABLA ya kubandika chochote.

Mimi nilidhani tatizo ni fonti, nikashusha fonti usiku kucha, na fonti haikuwa na kosa lolote. Kwenye Photoshop za zamani (matoleo mapya hayana tena chaguo hili) ingia Preferences, Type, chagua World-Ready, halafu fungua dokumenti mpya, usitegemee ile ya zamani itajirekebisha. Illustrator washa Indic Options hukohuko kwenye Type, kisha badilisha kompoza kwenye paneli ya aya. Au fanya kama mimi sasa hivi, maandishi yote napanga Inkscape, ni ya bure na inayapanga sawa bila kuombwa, halafu napeleka kwingine yakiwa yameshakuwa maumbo. Watu watabisha, wabishe.

Mambo mengine yanayouma hapohapo:

Usitanue nafasi kati ya herufi, vimguu vinatengana na wenyewe. Usibonyeze ile bold ya bandia. Nafasi ya mistari ongeza mpaka uone imezidi, kwa sababu miguu ya mstari wa juu itagonga vichwa vya mstari wa chini.

Maneno hayatenganishwi kwa nafasi. Kuna nafasi isiyoonekana ndani ya maandishi inayoiambia kompyuta pa kukata mstari, na kwenye kibodi ya Kikhmer ya kawaida spesi ndiyo inaweka hiyo, nafasi inayoonekana ni shift na spesi. Wengine wakikutumia maneno Telegram hawajaiweka, basi mstari unakatika katikati ya neno. Mwambie mteja akutumie maneno akiwa ameshayakata mistari mwenyewe, na wewe usiguse.

Akikutumia faili la zamani na unaona takataka za herufi za Kilatini, mara nyingi hiyo ni Limon, fonti za kabla Unicode (mfumo wa herufi unaotumika sasa) haijashika. Usihangaike, omba ayaandike upya.

Fonti: kichwa Moul, ile ya duara duara yenye heshima ya sherehe, maelezo Battambang. Moul ikiwa ndogo haisomeki, na kuna watu wanaandikia mpaka namba ya simu. Kwa kitu cha vijana Koulen iko poa.

Hatua ya 5: rangi

Kila siku ya juma ina rangi yake, Jumapili nyekundu, Alhamisi kijani, Ijumaa bluu. Kama tukio lina siku moja anza na rangi ya siku hiyo, umemaliza ubishi.

Hatua ya 6: kuchapa

Geuza maandishi yawe maumbo, acha milimita 3 za kukata, tuma PDF. Kabla ya hapo mtumie mteja picha ya maandishi matupu umwombe asome kwa voisi, siyo kuandika "ok", maana "ok" nimeshapewa na bango likatoka limevunjika.

Na nakala yenye maandishi hai ibaki kwako, malaika na mnyama wake kwenye leya yao peke yao, tarehe kwenye yake. Dogo nimemlazimisha leya ya malaika aipe jina kabisa, BADILISHA MALAIKA.