Kunja protini kwa mikono yako: boksi, chelewa na ndara kuukuu

Nikifundisha kidato cha sita hapa Unguja, naona wengi wanaitaja helisi alfa, yaani umbo la kujisokota kama springi, bila kujua kwa nini mnyororo wa protini ujisokote hivyo na si vyengine. Sababu imo kwenye vifungo viwili vinavyozunguka katika kila asidi amino, yaani kila pingili ya mnyororo, na hutaielewa vizuri mpaka uvizungushe mwenyewe. Mkemia Linus Pauling naye, mwaka 1948, akiwa mgonjwa kitandani Oxford, aliuchora mnyororo kwenye karatasi kisha akaikunja. Helisi yenyewe aliitangaza na wenzake mwaka 1951.

Hatua ya 1: vipande. Kila kipande ni kiunganishi kati ya asidi amino mbili. Kipimo chetu ni sm 2 kwa kila angstromu 1 (sehemu moja ya milioni kumi ya milimita). Kwenye boksi gumu chora mstari wa kupindapinda: kaboni alfa (kaboni ya katikati ya asidi amino) hadi kaboni sm 3, kaboni hadi naitrojeni sm 2.7, naitrojeni hadi kaboni alfa ya pili sm 2.9. Kona ya kwanza digrii 116, ya pili 122, kila moja ipinde upande wake. Pima ncha kwa ncha: ukipata kama sm 7.6, umepatia. Kwenye kaboni ongeza oksijeni (sm 2.5), na kwenye naitrojeni, upande wa pili, haidrojeni (sm 2). Kata vipande sita kama hivyo, ncha mbili za kaboni alfa zibaki nje ya boksi.

Kipande usikikunje hata kidogo. Kifungo cha kaboni na naitrojeni kina tabia ya kifungo maradufu, ndiyo maana hakikubali kuzunguka.

Hatua ya 2: viungo. Bandika chelewa juu ya vifungo viwili vya pembeni, zitokeze nje. Kata ndara vidonge vidogo; hivyo ndivyo kaboni alfa. Ndara naipenda kuliko udongo kwa sababu inaishika chelewa na bado inairuhusu kuzunguka. Kila kidonge kipokee chelewa mbili kwa pembe ya digrii 110. Mzunguko wa upande wa naitrojeni ni fai, wa upande wa kaboni ni psai.

Hatua ya 3: migongano. Laza mnyororo mezani, oksijeni zikipishana huku na huku. Hapo fai na psai ni 180. Chagua kidonge kimoja, zungusha zote mbili nusu duara zifike 0. Oksijeni ya nyuma inaivaa haidrojeni ya mbele, kwa hiyo pembe hizo haziwezekani. G. N. Ramachandran na wenzake wa Madras, India, walipiga hesabu ya migongano hii na kuchapisha ramani ya pembe zinazoruhusiwa mwaka 1963.

Hatua ya 4: helisi. Ulaze tena mnyororo. Ukitazama kutoka naitrojeni kwenda kaboni alfa, zungusha sehemu yote ya mbele digrii 120 kwa mwendo wa saa. Kisha, kutoka kaboni alfa kwenda kaboni, digrii 135. Fai imekuwa -60, psai -45. Rudia kwa kila kidonge. Oksijeni ya kipande cha 1 itaielekea haidrojeni ya cha 4, ya 2 ya cha 5, ya 3 ya cha 6, kwa pengo la kama sm 4. Vifungo hivyo vya haidrojeni ndivyo vinavyoishikilia helisi.

Hatua ya 5: prolini. Hii ni asidi amino ya pekee: naitrojeni yake imefungwa kwenye pete, fai imekwama karibu na -65, na haidrojeni haina. Kata kwa mkasi haidrojeni ya kipande cha 5, uone oksijeni ya kipande cha 2 ilivyobaki bila mwenzake.