Jinsi ya kuyatuza matawi ya vijana yaliyojitangaza vizuri

Anzeni na fomu ya kuomba tuzo, kikombe baadaye. Ukurasa mmoja unatosha: tawi lilimlenga nani, lilifanya nini, lilitumia kiasi gani, na nini kilibadilika. Swali la mwisho ndilo lenye uzito. Tawi likijibu "bango letu lilipendwa na wengi," ombeni namba: wanachama wapya wangapi, ikilinganishwa na kipindi kama hicho mwaka uliopita?

Hapa ndipo tuzo nyingi huharibika. Tawi la wanachama 200 likiandikisha 20, limekua kwa asilimia 10. La wanachama 15 likiandikisha 6, limekua kwa asilimia 40. Mkihesabu vichwa tu, tawi kubwa litashinda kila mwaka na madogo yataacha kushiriki. Pimeni kwa asilimia, au yagawanyeni kwa ukubwa. (Tawi la watu 3 lisiwachanganye: likipata mmoja tu, tayari ni asilimia 33. Wekeni kiwango cha chini cha wanachama.)

Waamuzi watatu wanatosha, wasitoke kwenye matawi yanayoshindana, na kila mmoja atoe alama peke yake kabla ya kikao. Mgawanyo unaofaa kwa alama 100: matokeo 40, ubunifu 25, kumfahamu mlengwa 20, matumizi ya fedha 15. Utangazeni pamoja na fomu, angalau miezi mitatu kabla ya mwisho wa kupokea maombi.

Picha za watoto zisipokelewe bila idhini ya mzazi au mlezi. Siku ya tuzo, elezeni tawi lilifanya nini hasa, kisha ndani ya wiki mbili yapelekeeni matawi yote maoni ya waamuzi, hata yaliyokosa.