Kifuniko cha soda si kipimo cha dawa ya kupe

Majuzi, Likoni, Mombasa, nilifunua sikio la ng'ombe wa maziwa ambaye mwenyewe alikuwa amemnyunyizia dawa alfajiri ile ile. Manyoya yalikuwa bado yanatoa harufu. Ndani, kwenye mkunjo wa chini, nilihesabu kupe 11, wawili wameshiba hadi kuwa kama punje za kunde. Wote hai. Nikauliza dawa ilichanganywa vipi, nikaonyeshwa kifuniko cha soda: "Vitatu kwa pampu nzima, na pampu moja hutosha ng'ombe wote watano."

Tukapima vifuniko vile vitatu kwa sirinji. Mililita 15. Pampu ya lita 20 ilitaka 40.

Jamani, hili tumelisema mara ngapi? Dawa ya amitrazi ya asilimia 12.5, ambayo wengi wenu mnaitumia, ni mililita 2 kwa kila lita 1 ya maji. Pampu ya lita 20 ni sirinji ya mililita 20 ijazwe pomoni mara mbili. Pampu yako ikiwa ya lita 16, ni mililita 32. Soma namba iliyo ubavuni mwa pampu, usikisie. Dawa ya aina nyingine ina kipimo chake kwenye lebo, usiipachike hiki.

Kosa la pili limejificha ndani ya lile la kwanza. Ng'ombe mzima anahitaji lita 10 hivi za mchanganyiko ndipo alowe hadi kwenye ngozi. Ukigawa lita 20 kwa ng'ombe watano, kila mmoja amepata lita 4, nayo inaishia mgongoni, mahali ambapo kupe ni wachache. Ng'ombe watano ni lita 50, yaani dawa mililita 100. Najua inauma kuona chupa ya mililita 100 ikiisha kwa asubuhi moja. Lakini ndigana kali, ugonjwa hatari unaoletwa na kupe, ikiingia bomani, utauguza ng'ombe kwa pesa nyingi kuliko hizo, na mara nyingi utamzika.

Tena dawa hafifu haipotei bure tu, inadhuru. Inaua kupe wanyonge na kuwaacha wakaidi, na jike mmoja akishashiba hudondoka na kutaga mayai kwa maelfu. Baada ya muda mnalalamika kwamba dawa ni feki, mnanunua ya jina jingine, kumbe kiambato ni amitrazi ile ile. Msome kiambato, msiangalie rangi ya chupa.

Sasa siku. Kupe wa masikio haambukizi ndigana papo hapo anapouma; kwa kawaida hunyonya siku 3 au 4 kwanza, vijidudu vikikomaa kwenye mate yake. Kwa kawaida nyunyiza kila baada ya siku 7, siku ile ile ya wiki, bila kuruka. Mvua za mwaka, yaani masika, zikishika, Aprili hadi Juni, na kupe wakiwa wengi, iwe mara mbili kwa wiki. Wingu likiwa limetanda, ngoja. Mvua itaiosha dawa.

Na wewe unayesema "wangu hatoki bandani, kupe atatoka wapi?" Anakuja na nyasi unazokata kando ya barabara. Nimewakuta horini.

Kamua kwanza, mnyweshe maji ashibe ili asijilambe, kisha nyunyiza kabla jua halijawa kali, ukienda kinyume cha manyoya. Anzia masikioni: ingiza ncha ya pampu au tumia kitambaa kilicholowa mchanganyiko huo huo. Halafu chini ya mkia, kwapani, kwenye mapaja, kiwele na kati ya kwato. Vaa glavu, watoto wakae mbali, na kiwele kioshwe kabla ya kukamua tena. Farasi na punda wasiguswe na amitrazi, huwafunga matumbo.

Chanjo ya ndigana kali ipo, hutolewa mara moja, na ndama wa mwezi mmoja anaweza kuipata. Muulize daktari wa mifugo. Ila haikingi magonjwa mengine ya kupe, yaani ndigana baridi, mkojo wa damu wala maji moyo, kwa hiyo pampu usiitupe.

Ukifuata vipimo, baada ya wiki chache kupe walioshiba sikioni watapungua sana.

Ng'ombe akipata homa, tezi za chini ya sikio au za mbele ya bega zikavimba, mwite daktari siku hiyo hiyo. Dawa ya ndigana kali hufaa mapema. Akishaanza kutoa povu puani, mmechelewa sana.

Mchanganyiko uliobaki si wa wiki ijayo, nguvu yake inaisha. Usiumwage karibu na kisima wala kwenye mtaro unaoelekea baharini, unaua samaki.