SOMO: Kuitua Hornet kwenye meli ya kubeba ndege, hatua kwa hatua

Wakuu, wiki hii peke yake nimeulizwa mara sita: "Mbona najigonga nyuma ya meli?" Kila mmoja nimemwandikia upya. Leo naandika mara moja, na atakayeuliza tena nitamleta hapa.

Somo linahusu Hornet, yaani ndege ya kivita F/A-18C, ndani ya DCS World, mchezo wa kuigiza urubani, kwenye kompyuta ya Windows. DCS yenyewe ni bure na inakuja na ndege ya Su-25T, ila Hornet inauzwa. Kabla ya kutoa hela chukua majaribio ya siku 14, yapo kwa moduli (ndege za kununua) nyingi. Uwe na joistiki, hata ya bei ndogo.

Hatua ya 1. Punguza uzito. Usitue ukiwa na zaidi ya pauni 34,000. Uzito unauona kwenye ukurasa wa CHKLST, kwenye skrini za ndani ya ndege. Mafuta yakizidi, yamwage.

Hatua ya 2. Ndoano ya kunasa waya za sitahani chini, anti-skid (kizuizi cha magurudumu kuteleza wakati wa breki) OFF.

Hatua ya 3. Njoo kutoka nyuma ya meli, upande wake wa kulia, futi 800, kasi noti 350. Ukishaipita, kata kona kali kushoto.

Hatua ya 4. Kasi ikishuka chini ya 250, toa magurudumu na weka flapu (vibawa vya kushuka nyuma ya bawa) FULL. Narudia: FULL. Shuka hadi futi 600, ukirudi kinyume na meli, nayo iwe kushoto kwako kama maili 1.2 za baharini.

Hatua ya 5. Hapa ndipo mnapoharibu wote, na mimi niliharibu miezi miwili mizima. Magurudumu na flapu vikiwa chini, kompyuta ya Hornet inabadilisha kazi ya trimu (kitufe cha kusawazisha pua bila kushikilia joistiki): sasa inashikilia pembe ambayo bawa linakutana na hewa. Pembe unayoitaka ni nyuzi 8.1. Piga trimu kidogo kidogo mpaka kile kiduara chenye mabawa kwenye HUD (kioo cha mbele chenye vipimo) kikae katikati ya mabano yenye umbo la E, na taa ya pembeni ibaki duara la njano tupu. Halafu acha kuvuta na kusukuma joistiki. Inabaki ya kulaza mabawa tu. Kupanda na kushuka ni kazi ya throtali (mkono wa nguvu za injini).

Mimi nilikuwa nikiuona mpira wa taa (taa ya melini inayoonyesha kama uko juu au chini ya njia ya kutua) umeshuka, navuta joistiki. Pua inanyanyuka, mpira unapanda kidogo, moyo unatulia. Sekunde mbili baadaye taa ya kijani inawaka, maana yake kasi imekufa, na ndege inazama kama jiwe moja kwa moja kwenye ukingo wa sitaha. Nilidhani tatizo ni joistiki, nikanunua nyingine. Tatizo lilikuwa mkono wangu. Mpira ukishuka, ongeza throtali, kisha punguza kupita ulikotoka, kisha rudisha kiasi. Miguso mitatu, midogo. Ukiongeza ukaacha hapo hapo, utapaa juu ya waya zote.

Fanya zoezi la trimu ukiwa futi 5,000, meli ikiwa mbali, mpaka uweze kuachia joistiki na ndege itulie. Usisogee hatua ya 6 kabla ya hapo.

Hatua ya 6. Ukifika usawa wa nyuma ya meli anza kona ya kushoto. Katikati ya kona uwe futi 450. Ukimaliza, una sekunde 15 hadi 18 za kunyooka. Macho yazunguke: mpira, mstari wa katikati ya sitaha, pembe. Mpira, mstari, pembe. Sitaha imekaa mshazari na meli inakwenda mbele, kwa hiyo mstari utaendelea kukuhama kwenda kulia. Ufuate kidogo kidogo.

Hatua ya 7. Magurudumu yakigusa tu, throtali mbele yote.

Maswali karibuni.

Kinyerezi_Jet: Mkuu inakubali kwenye simu? Weka na link.

Mtoa mada: Windows. Nimeandika aya ya pili.

Chuma_Angani: Nimefuata kila kitu neno kwa neno, trimu haishiki hizo nyuzi 8. Somo lako lina kasoro.

Mtoa mada: Flapu ziko wapi?

Chuma_Angani: AUTO.

Mtoa mada: Hatua ya 4 nimerudia mara mbili. Flapu zikiwa AUTO kompyuta haibadiliki, itabaki kwenye hali ya safari. Somo halina kasoro.

Binti_wa_Pangani: Samahani kaka, hatua ya 7 inanichanganya. Tunataka kusimama, kwa nini tuongeze nguvu?

Mtoa mada: Swali zuri sana dada. Wakati unagusa hujui kama ndoano imenasa. Waya ziko nne, na inaweza kuziruka zote. Ikiziruka, sitaha iliyobaki ni fupi mno, na injini ya jeti haipandi nguvu papo hapo. Ukingoja uhakika, umeshaingia baharini. Ukiwa umesukuma mapema, unaruka tena salama. Ukinasa, waya inakushika hata injini ikivuta. Ukihisi umesimama kabisa, ndipo unapunguza.

Binti_wa_Pangani: Nimeelewa. Na hiyo taa ya mpira, nani aliifikiria?

Mtoa mada: Waingereza. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 afisa wao wa majini, Nicholas Goodhart, alionyesha wazo lake ofisini kwa kioo kidogo cha kujipodolea na lipstiki. Lipstiki ilisimama kama taa, na aliyekuwa akikisogelea kioo aliambiwa aiweke picha ya lipstiki katikati ya kioo mpaka afike. Baadaye kioo kikabadilishwa kuwa lenzi. Sitaha ya mshazari nayo ni wazo la Waingereza.

Mzee_wa_HUD: Naongezea. Msiokuwa na TrackIR (kifaa cha kugeuza picha kwa kufuata kichwa chako), programu ya opentrack ni bure na inafuata kichwa kwa kamera ya laptopu. Kwenye kona ya hatua ya 6 utaiona meli bila kubonyeza kitu.

Mtoa mada: Asante mzee. Muwe na mwanga wa kutosha usoni, la sivyo picha inatikisika. Wenye joistiki za bei ndogo, ongezeni kava (curve, mpangilio wa kulainisha joistiki karibu na katikati) kama 15 kwenye mihimili ya joistiki, throtali msiiguse.

Binti_wa_Pangani: Kaka, jaribio la tisa. Nimenasa waya ya 2!

Mtoa mada: Hongera sana. Inayolengwa ni ya 3, kwa hiyo mwishoni ulishuka kidogo. Sekunde tatu za mwisho ulikuwa unatazama nini?

Binti_wa_Pangani: Sitaha.

Mtoa mada: Rudi angani. Mpira mpaka ugonge.