Homuweki ya fasihi gredi ya 4 mpaka 6: vile mimi hufundisha mandhari, tashbihi na mizani

Kama uko na mtoto gredi ya 4, 5 ama 6 unaijua hii homuweki. Taja mandhari ya hadithi, eleza sifa mbili za mhusika mkuu, tambua tamathali iliyopigiwa mstari. Mtoto anakuletea daftari, na wewe hayo maneno uliyaacha shuleni miaka hiyo, sasa mnaangaliana tu. Mimi nilianza na wa kwangu, wakaongezeka wa majirani, sai jioni nakaa na watoto wanne watano hapa kwetu Nyalenda, Kisumu, na nimekosea mara nyingi vya kutosha kujua nini inashika na nini haishiki.

Kosa la kwanza lilikuwa kumpa mtoto maneno kumi na maana zake akariri. Alikariri kweli, tashbihi ni tamathali ya usemi inayolinganisha vitu viwili kwa kutumia maneno kama vile kama, mithili ya, ja, anatiririka tu. Nikamwambia haya, nipe mfano wako. Jii. Na huyu ni mtoto ambaye dakika tano kabla ya hapo alikuwa amemwambia dadake ana kichwa kama sufuria.

Kwa hivyo sai mimi huanza na stori, jina linakuja baadaye. Na stori si lazima itoke kitabuni. Huku kwetu iko ile ya Simbi Nyaima, lile ziwa dogo karibu na Kendu Bay, kaunti ya Homa Bay, kila nyanya huisimulia kivyake lakini uti wake ni huu: bikizee alifika kijijini usiku, watu wako kwa sherehe, wanakula na kunywa, akaomba pa kulala na kuota moto wakamfukuza, mama mmoja tu ndiye alimpokea. Bikizee akamwambia chukua watu wako mtoke, mvua ikaja, kijiji kikazama, pakabaki maji. Stima ikipotea ndio saa nzuri ya kuisimulia.

Ukimaliza usiseme "haya tuangalie mandhari". Uliza tu, hii kitu ilitokea wapi? Saa ngapi? Palikuwa vipi? Watajibu kijijini, usiku, watu wanasherehekea, baadaye mvua kubwa. Hapo sasa uwaambie, hio yote mliyosema ndio mandhari. Hili neno linasumbua kuliko mengine kwa sababu nje ya darasa linatumika kwa mahali panapopendeza, unapita Dunga, ufuo wa ziwa hapa Kisumu, jua likizama unasema mandhari ya ziwa ni mazuri. Ndio maana mtoto akiulizwa mandhari ya hadithi anaandika "mandhari yalikuwa mazuri sana" na anapata sufuri, na yeye haoni kosa lake liko wapi. Mwambie kwa hadithi mandhari ni wapi, lini na hali gani, hata kama ni chooni.

Wahusika ni rahisi, ni wale wanaotenda na kutendewa ndani ya stori, awe mtu, mnyama ama zimwi. Shida iko kwa sifa. Watoto wote wataandika "alikuwa mzuri" ama "alikuwa mbaya". Mimi nimewawekea sheria moja, hakuna sifa bila ushahidi. Ukisema yule mama ni mkarimu niambie alifanya nini, alimpokea bikizee usiku wakati wengine wamemfukuza, sawa, hio nakubali. Ukisema ni mrembo, nionyeshe kwa stori palipoandikwa ni mrembo. Hakuna? Futa. Mwanzoni wanakasirika.

Ploti, yaani vile matukio ya hadithi yameshikana, nayo ilituchekesha, niliuliza ploti ya hii hadithi ni gani, mmoja akasema ni hii yetu ya kulipa rent. Kwa hivyo tumia neno msuko, mtoto yeyote ameona nywele zikisukwa, uzi huu unapita juu ya ule, ukichomoa mmoja yote inafumuka. Msuko si matukio kufuatana peke yake, ni moja kuzaa lingine. Usiulize "halafu?" pekee, uliza "kwa nini?" Kwa nini kijiji kilizama? Kwa sababu walimfukuza. Chomoa hapo kwa kumfukuza, uone kama stori inasimama.

Maudhui na dhamira, enyewe hata watu wazima wanachanganya. Maudhui ni yale mambo yanaongelewa, kwa Simbi ni ukarimu, ubinafsi, adhabu. Dhamira ni lile lengo la msimulizi, anataka nini na wewe ukishasikia? Anakuonya usimfukuze mgeni. Mimi huwaambia maudhui unaweza kujibu kwa neno moja, dhamira lazima iwe na kitendo ndani yake, kuonya, kufunza, kuhimiza. Si kanuni ya kitabu lakini inasaidia gredi ya 5.

Sasa tamathali, zile njia za kupamba usemi. Chukua boda anayepita hapa barabarani bila huruma. "Anapita kama risasi" ni tashbihi. "Huyo boda ni risasi" ni sitiari, vitabu vingine vinaita istiara, kitu ni kimoja. Watoto wanashika hio haraka, halafu wanaanza kuona tashbihi kila mahali wakiona neno kama. Sasa wape hizi mbili: "Kama mvua itanyesha hatuendi sokoni" na "Nunua matunda kama maembe na mapapai". Zote ziko na kama, na hakuna tashbihi, ya kwanza ni sharti na ya pili inatoa mifano. Waulize, ni nini inafananishwa na nini? Kama hakuna vitu viwili, hakuna tashbihi.

Na sitiari swali lake ni, hii ni kweli? "Baba ni mwalimu", na kweli anafundisha, hio ni habari tu. "Baba ni simba", hapana, hana mkia, hio ni sitiari. Tashihisi ni kukipa kitu kisicho mtu tabia za mtu, mfano njaa imenipigia hodi. Chuku ni kutia chumvi kupita kiasi, alilia mpaka ziwa likafurika. Tanakali za sauti hizo wacha wafurahie tu, ametumbukia majini chubwi, amelowa chepechepe, giza totoro, hawahitaji wewe.

Ushairi ndio huwa wanaogopa, na ndio una raha zaidi ukifanya kwa mikono. Chukua vifuniko vya soda, kila mtoto kumi na sita. Niliandika ubeti huu mwenyewe kwa ajili yao:

Jua linapochomoza, Dunga wavuvi warudi,
Samaki wanawauza, kwa kelele na juhudi,
Mama naye anawaza, bei yao imezidi,
Omena anaagiza, mfuko haukaidi.

Mistari minne, kila mmoja unaitwa mshororo, yote pamoja ni ubeti, na kwa sababu ni minne shairi linaitwa tarbia. Mizani ni silabi, kila silabi kifuniko kimoja mezani, ju-a-li-na-po-cho-mo-za, vinane, koma, halafu vinane tena. Vina ni zile silabi za mwisho wa kila kipande zinazofanana, hapa za kati ni "za", za mwisho ni "di".

Wa kwangu alihesabu kipande cha mwisho akapata saba. Akarudia, saba. Akaniambia umekosea. Nikamwambia isome polepole ukiweka vifuniko, akaweka, fu-ko-ha-u-ka-i-di, nikamuuliza na ile m umeipeleka wapi? Hapo ndio alijua m peke yake mbele ya konsonanti ni silabi kamili, m-fu-ko ni tatu. Lakini usiwachanganye, kwa mbuzi ile m imeshikana na b, hio mbu ni silabi moja. Na mkimaliza waulize mfuko unaweza kukaidi kweli? Tashihisi hio, wameipata bila kutafuta.

Wakishajua kuhesabu wape waandike wao. Juzi walinipa "Boda boda ya baba, imepata pancha leo". Kipande cha kwanza vifuniko saba, wakakwama, nikanyamaza, mpaka mmoja akabadilisha ikawa "Bodaboda yake baba", vinane. Mshororo wa pili lazima uwe na ba katikati na o mwisho, mmoja anataka "akiba" mwingine anataka "shaba", na hakuna anayejua shaba inaingiaje kwa pancha, nimewaacha wakibishana nikaenda kusonga ugali.