Kuwafundisha watumishi wa dharura kumtambua mgonjwa aliyezidiwa na mawazo

1. Fundisha wakati wa kukabidhiana zamu. Dakika ishirini zinatosha. Ukiita semina hotelini, nusu ya watu wa zamu hawatafika. Waite manesi, madaktari, wahudumu na mlinzi wa getini. Mlinzi ndiye anayemwona mgonjwa akishushwa kwenye bodaboda, na ndiye anayeitwa vurugu zikianza.

2. Mwili kwanza. Anayeweweseka huenda ana malaria kali, sukari imeshuka, au kaacha pombe ghafla. Pima sukari, joto, oksijeni na presha kabla hujaandika "kachanganyikiwa". Hapa sina mjadala.

3. Andika ubaoni maneno ya wagonjwa wenyewe: moyo unaenda mbio, kichwa kinawaka moto, mwili hauna nguvu, silali. Ni wachache watakaokwambia "nina sonona" (ugonjwa wa huzuni nzito). Mama akirudi mara kwa mara na kifua kinachobana, vipimo vyote safi, asipewe tena dawa za vidonda vya tumbo na kuruhusiwa. Aulizwe: "Mama, nyumbani kukoje?"

4. Zoezi la kuuliza kuhusu kujiua. Hapa ndipo pagumu, tumia nusu ya muda wako. Wengi huogopa kwamba ukiuliza unampandikizia mtu wazo. Humpandikizii.

Waigize wawili wawili. Binti kanywa sumu, ndugu wanasema alikosea chupa. (Msiwashangae: Tanzania kujaribu kujiua bado ni kosa la jinai. Kenya, Mahakama Kuu ilikitangaza kifungu cha 226 cha sheria ya makosa ya jinai, kilichofanya jambo hilo kuwa kosa, kuwa kinyume cha Katiba Januari 2025, lakini aibu haifutwi na hukumu.) Matibabu ya sumu yakishaanza na binti akiweza kuongea, nesi awaombe ndugu: "Naomba mtupishe kidogo." Kisha, kwa sauti ya chini: "Dada, ilikuwa bahati mbaya, au ulitaka kufa?" Halafu anyamaze. Akijaza ukimya kwa maneno, mrudishe mwanzo. "Hukuwa na nia mbaya, eti?" ni marufuku, swali hilo limeshajijibu. La mwisho: "Na sasa hivi, bado unawaza hivyo?"

5. Akisema ndiyo, haachwi peke yake hata kwenda chooni. Ondoa viwembe, mikasi na dawa zilizo karibu, mwite daktari, kisha mtu wa afya ya akili au ustawi wa jamii. Majibu yaandikwe kwenye faili kwa maneno yake.

6. Baada ya mwezi, toa mafaili ya wagonjwa wa sumu. Pale ambapo swali halikuandikwa, zamu hiyo irudie hatua ya 4.