Kabla Hujatuma Mchoro Uchapwe: Vipimo vya Kitambaa na Karatasi za Ukutani

Kabla hujagusa programu ya kuchorea, chukua futi kamba. Kazi nyingi nzuri huharibikia hapa: mchoraji amechagua rangi, amepanga majani, amesafisha kingo, ila hajaamua ua lake litakuwa na sentimita ngapi likishachapwa. Kwenye skrini ua hilo lina ukubwa wowote ule, maana unalikuza na kulipunguza kwa kidole. Kitambaa hakina uhuru huo. Kikitoka mtamboni kimetoka, na karatasi ikishabandikwa ukutani ndiyo utakayoishi nayo.

Ukubwa huamuliwa na kitu kinachotengenezwa. Foronya ya mto wa sofa yenye sentimita 45 kwa 45 haiwezi kubeba ua la sentimita 60. Kitakachoonekana ni petali mbili na kipande cha shina. Gauni la mtoto lenye ua la sentimita 20 litakatwakatwa kwenye kila mshono, na shingoni litabaki doa tu la rangi. Pazia lina tabia yake: kwa kawaida kitambaa chake huwa na upana wa karibu mara mbili ya dirisha ili kipate marinda, kwa hiyo sehemu kubwa ya mchoro hujificha ndani ya mikunjo. Ndege wa sentimita 30 ataonekana mdomo na mkia, basi. Ukuta nao hutazamwa kwa mbali, na vichoro vya sentimita moja moja hugeuka ukungu wa rangi moja mtu anaposimama mlangoni. Pengine hilo ndilo unalolitaka, lakini liamue mwenyewe mapema.

Njia ninayoiamini kuliko zote ni ya karatasi na gundi. Chapa kipande cha mchoro kwenye karatasi za A4 kwa ukubwa wake halisi, ziunganishe, zizungushie mto au zibandike ukutani, kisha rudi nyuma hatua kadhaa uangalie. Kuna mtego mmoja: programu nyingi za kuchapisha hupunguza ukurasa kimyakimya ili utoshee ndani ya pambizo. Kwa hiyo, pembeni mwa mchoro chora mstari wa sentimita 10, na karatasi ikitoka upime kwa rula. Ukipata 9.4, unachokitazama si ukubwa wa kweli, na uamuzi wowote utakaoufanya hapo utakuwa na kasoro hiyohiyo.

Ukishajua sentimita, ndipo uzungumzie pikseli, yaani nukta ndogo za rangi zinazounda picha. Faili ya picha haina sentimita ndani yake. Ina pikseli, na pembeni imebandikwa lebo inayosema ngapi zipangwe katika inchi moja. Picha yenye upana wa pikseli 3,000 ni sentimita 25.4 ukipanga 300 kwa inchi, ni sentimita 50.8 ukipanga 150, na ni sentimita 105.8 ukipanga 72. Picha ni ileile, hakuna kilichoongezeka wala kupungua. Ndiyo maana kauli ya kwamba "faili yangu ni ya 300" haimwambii mchapaji chochote mpaka umtajie na ukubwa. Hesabu yenyewe ni nyepesi: gawanya sentimita kwa 2.54, kisha zidisha kwa idadi ya pikseli unazotaka kwa kila inchi. Kigae cha mchoro, yaani kipande kimoja kinachorudiwarudiwa, chenye sentimita 64, kwa pikseli 150 kwa inchi, kinahitaji pikseli 3,780.

Kwa nini 150 iwatoshe wachapaji wengi wa vitambaa ilhali vitabu hudai 300? Jicho lenye afya hutenganisha nukta mbili zikiachana kwa pembe ya takriban dakika moja, yaani sehemu moja ya 60 ya digrii. Ukishika kitu umbali wa sentimita 30, pembe hiyo ni kama milimita 0.09, sawa na pikseli 290 hivi kwa inchi, na huo ndio umbali wa kusomea kitabu. Kwa umbali wa mita 1 ni milimita 0.29, sawa na pikseli 87 au 88. Kwa mita 2 hazifiki hata 45. Juu ya hayo, nyuzi hunyonya wino na kuutawanya kidogo, kwa hiyo ukali wa ziada unazama ndani ya mtande na mshindio, yaani nyuzi za urefu na za upana. Kwa picha ya ukuta mzima, 100 kwa inchi inatosha vizuri. Skafu ya hariri itakayoshikwa mkononi ni jambo jingine. Hapo panda juu ya 150 ukiweza.

Kama pikseli hazitoshi, usijidanganye kwa kuongeza namba. Programu ya picha ina kisanduku kinachoamua kama ukibadili vipimo ihesabu pikseli upya au iziache zilivyo. Kisanduku kikiwa tupu, unabadili lebo tu. Kikiwa na tiki, programu inabuni pikseli mpya kwa kukisia kutoka kwa majirani zake, na kingo zinalegea. Zana za akili unde hukisia kwa ustadi zaidi, lakini bado zinakisia: mishipa ya jani inaweza kutokea mahali ambapo hukuichora, kwa hiyo pitia matokeo kipande kwa kipande, skrini ikiwa kwenye ukuzaji wa asilimia 100. Michoro ya vekta, inayohifadhiwa kama mistari na maumbo badala ya pikseli, inakuzwa bila kupoteza ukali, ila nayo ina lake. Angalia kama programu imewekwa ikuze unene wa mistari pamoja na maumbo. Isipowekwa hivyo, ua litakua mara nne huku mistari yake ikibaki myembamba kama nywele.

Mistari inastahili macho yako zaidi ya kitu kingine chochote unapopunguza mchoro. Kwa 150 kwa inchi, pikseli moja ni milimita 0.17. Mstari ulioonekana mnene ukiwa na pikseli 6, ukiupunguza mpaka robo unabaki na pikseli moja na nusu, yaani milimita 0.25. Kwenye pamba laini utaonekana kwa kubahatisha. Kwenye kitani chenye nyuzi nene au mahameli yenye manyoya, umekwisha. Mimi sishuki chini ya nusu milimita kwenye kitambaa laini, na kwenye chenye umbile hutaka milimita moja kamili. Maandishi madogo yahesabie vivyo hivyo, hasa herufi nyeupe juu ya rangi nzito, maana wino huzila kutoka pande zote mbili.

Kukuza kuna tatizo la kinyume, na watu wachache hulifikiria. Mchoro uliopangwa kwa ajili ya leso ukikuzwa ufike ukutani, nafasi zilizo wazi kati ya maua nazo zinakua. Uwazi wa sentimita 2 uliokuwa unapumua vizuri unakuwa pengo la sentimita 16, na ukuta unaonekana una mashimo. Alama za brashi nazo huvimba. Kuubadili mchoro kutoka kitambaa hadi ukuta mara nyingi kunadai kuchora upya baadhi ya sehemu: ongeza vikonyo, vijani vidogo, nukta za kujazia. Tenga muda wa kazi hiyo, wala usiahidi kwamba ni suala la kubonyeza tu.

Sasa marudio, na hapa ndipo hesabu inapouma. Mchoro wa kujirudia hujengwa kwa kigae kimoja kinachopangwa upande kwa upande. Vipimo vyake viwe pikseli kamili. Kigae cha pikseli 1,564.96 hakipo, na programu ikilazimishwa kukitengeneza huacha ukingo wenye pikseli zilizofifia nusu, ambazo kitambaani hutokea kama mstari mwembamba unaojirudia kila mahali. Usikague kigae kimoja. Panga angalau vitatu kwa vitatu, finya macho kidogo, utafute mistari na njia ambazo hukuzikusudia: uwazi unaopita mshazari, au ua moja jekundu linalojipanga safu kama wanajeshi. Mpangilio wa kushusha nusu, ambapo kila safu wima inashuka kwa nusu ya kimo cha kigae, huvunja safu hizo na kufanya marudio yaonekane makubwa kuliko yalivyo.

Kigae lazima pia kikubaliane na upana wa kitu kinachochapwa. Kitambaa chenye sehemu ya kuchapwa ya sentimita 140 kinapokea kigae cha 35 au 28 bila kubakiza kipande. Kigae cha 30 kitakatika ukingoni, na mshonaji atakayeunganisha mapana mawili ya pazia atapoteza kitambaa akitafuta pa kukutanishia. Na kama kuna uwezekano kazi itahamia baadaye kwenye mitambo ya skrini za mviringo, yaani mapipa yenye matundu yanayochapa yakizunguka, kumbuka kwamba mzingo uliozoeleka wa skrini hizo ni sentimita 64, hivyo kimo cha marudio hulazimika kuwa 64, 32, 16 au mgawanyo mwingine kamili. Mtambo wa kidijitali haukubani hivyo, ila ni busara kupanga mapema.

Karatasi za ukutani zinabana zaidi. Roli ya kawaida ya Ulaya ina upana wa sentimita 53 na urefu wa mita 10.05. Upana wa kigae uwe 53 au 26.5, ili kipande kikutane na jirani yake. Kimo chake ndicho kinachoamua mnunuzi atatupa kiasi gani. Chukua ukuta wenye kimo cha mita 2.4 na upana wa mita 5.3, yaani vipande kumi. Kila kipande kinahitaji nyongeza ya kama sentimita 10 za kukatia juu na chini, basi mita 2.5. Marudio yakiwa na kimo cha sentimita 50, matano yanatimiza mita 2.5 kamili na roli moja inatoa vipande vinne. Yakiwa sentimita 64, kila kipande kinapaswa kuanzia pale pale kwenye mchoro, kwa hiyo kinakula marudio manne, mita 2.56. Vipande vinne vingetaka mita 10.24, na roli haina. Inatoa vitatu, na mita 2.37 zinabaki bila kazi. Ukuta uliotosheka na roli tatu sasa unadai nne, kwa sababu ya sentimita sita tu katika kila kipande.

Picha moja ya kufunika ukuta mzima haina marudio, lakini ina ukuta wenyewe. Kuta hazijanyooka. Pima upana chini, katikati na juu, pima kimo sehemu tatu, uchukue namba kubwa, kisha uongeze sentimita 5 hadi 10 kila upande. Weka alama penye swichi, soketi na fremu za milango, uso wa mtu usije ukaangukia hapo. Ukuta wa mita 4 kwa 2.6 kwa pikseli 100 kwa inchi ni pikseli 15,748 kwa 10,236 kabla ya nyongeza. Ukuta mrefu zaidi unaweza kugonga ukomo wa faili: muundo wa PSD, ule wa programu ya Photoshop, huishia pikseli 30,000 kwa upande, na JPEG 65,535.

Kitambaa kina jambo ambalo karatasi haina: kinaruka, yaani kinapungua ukubwa, kikifuliwa. Pamba mara nyingi hupungua zaidi kwa urefu kuliko kwa upana. Agiza sampuli, ipime, ifue kama mtumiaji atakavyofua, ikaushe, ipime tena pande zote mbili. Ikiwa imeruka kwa asilimia 5, kipande kinachotakiwa kibaki sentimita 45 kichapwe sentimita 47.4.

Kuhusu rangi, muulize mchapaji anataka mfumo gani, umpe huohuo. Faili ihifadhiwe kwa muundo wa TIFF au PNG, kwani JPEG iliyobanwa sana huacha vijisanduku vya pikseli 8 kwa 8 vinavyoonekana kwenye rangi tupu. Andika vipimo katika jina la faili na katika oda: upana wa kigae kwa sentimita, kimo chake, mpangilio wa marudio, na upande wa juu wa mchoro. Sampuli ikija, chagua ua moja, liwekee rula, ulinganishe na sentimita ulizoandika. Zikitofautiana, simamisha oda nzima mpaka ujue ni nani aliyebadili ukubwa, programu yako au mtambo wao.